Ameokoka

Mdogo wangu hakuwa ameokoka, na kila mtu kanisani alilijua hilo. Alichukuliwa kwenye safari ya misheni kwa sababu moja tu: kati ya vijana wote wa kanisa letu, hakuna mwingine aliyeweza kusimama juu ya ubao wa magurudumu bila kung'oka meno. Sisi wengine tulikuwa wachezaji wa nyimbo za injili. Mpango ulikuwa tucheze kwenye viwanja vya mji ule wa ugenini, naye mdogo wangu Gurudumu, maana ndivyo tulivyomwita, aruke ngazi na ubao wake, na watu wakishajaa, Mchungaji wa vijana ahubiri. Mama alipoambiwa mwanawe anakwenda kueneza Neno kwa skeiti, alisikia "sketi", akanivuta pembeni kuniuliza kama ni lazima aivae.

Alicheka nilipomweleza, lakini siku ya kutuaga alilia. Tangu Baba afariki alikuwa akimwombea mtoto huyu aokoke, na safari hii aliiona ndiyo jibu.

"Urudi umeokoka, baba," alimwambia. Gurudumu, asiyeweza kumdanganya Mama hata kuhusu nani kamaliza sukari, alimkumbatia tu.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulikwenda kucheza kwa watu, na watu walitutazama mikono mifukoni. Waliosimama walisimama kwa ajili ya Gurudumu. Mchungaji aliliona hilo, akaanza kumtaka atoe ushuhuda. Tulikuwa tunalala kwenye darasa la kanisa lililotupokea, magodoro chini, soksi zetu zimeanikwa kwenye viti vya watoto.

"Siku ya mwisho utazungumza wewe," Mchungaji alisema. "Eleza ulivyookoka. Kwa ufupi tu."

"Sijaokoka, Mchungaji."

"Bwana alimtumia punda, atashindwa na wewe?"

"Punda hakuambiwa aseme ameokoka."

Tuliangua kicheko. Mchungaji hakucheka. "Tamka kwa mdomo, moyo utafuata. Na mama yako atakusikia, maana tutarekodi."

"Hapo ndipo siwezi," Gurudumu alisema. "Mama simdanganyi kwenye hilo. Siku nikiokoka, nitamwambia mwenyewe."

Mimi nimeokoka, na ninamwombea huyu mtoto kila siku. Lakini nilijivunia jibu lake kuliko mahubiri yote niliyoyasikia safari nzima.

Siku ya mwisho yalidondoka manyunyu. Ngazi za maktaba tuliyopangiwa zililowa. Gurudumu alizipapasa kwa kiganja, akasema hazifai.

"Mara moja tu," Mchungaji alimsihi. "Watu wanaondoka."

Nadhani mdogo wangu aliona kwamba kwa kuwa alishamnyima Mchungaji ushuhuda, hawezi kumnyima na hili. Akaruka. Magurudumu yaliteleza, na tumbo lake likagonga chuma cha kushikia cha pembeni. Akainuka, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Kisha akakaa chini taratibu, midomo imempauka, akaniambia, "Dada, sijisikii vizuri."

Hospitali tulikaa kwenye korido mpaka mkalimani wetu, binti wa kule aliyejifunza lugha yetu vitabuni, alipotoka na daktari. "Damu ilivuja ndani," alisema, akichagua maneno. "Wameizuia. Daktari anasema, kidogo tu, angekufa. Sasa ataishi."

Nililia mpaka mkalimani akanipa skafu yake nifutie uso. Mchungaji naye alikuwa anaandika kwenye simu. Kidogo simu yangu ikalia, ukaingia ujumbe wake kwenye kundi la kanisa: *Bwana asifiwe! Ndugu yetu Gurudumu AMEOKOKA!*

"Mchungaji, ameokoka nini?" nilimuuliza.

"Ameokoka kifo. Si kweli?"

"Na ajali mbona hujaiandika?"

Alisoma ujumbe wake upya, nami nikamwona anavyoelewa. Kwetu neno hilo lina milango miwili, na yeye alikuwa ameuacha wazi ule ambao kanisa zima lilikuwa limesimama mbele yake. Niliamini hakukusudia. Ila majibu ya furaha yalipoanza kumiminika, alisema, "Kwani lazima tuwasahihishe leo? Wamefunga, wameomba. Tusiwavunje moyo." Hapo nilitamani kumzaba kofi, mchungaji asiwe mchungaji.

Nilipoingia wodini Gurudumu alikuwa macho, mirija mkononi. Nilimsomea ujumbe. Kabla hajasema neno, simu iliita. Mama. Nilitaka kuikata, nijipange kwanza.

"Nipe," alisema. "Ni mimi nilisema nitamwambia."

Nikaiweka kwenye spika. Nyuma ya Mama palikuwa na kishindo. Kina mama wa kanisa walikuwa wamejazana sebuleni kwetu, wanaimba na kupiga makofi.

"Mwanangu! Niache nikusikie! Ni kweli?"

"Mama, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini tena? Mama yako nimepumzika leo. Sasa hata Mungu akikuita usiku huu, sina hofu. Najua unakokwenda."

Gurudumu alifumba macho. Nilimwona anaitafuta njia ya kupitia, na nilijua, kwa jinsi anavyompenda, kwamba angeweza kusema "ndiyo" na lisiwe uongo.

"Mama, nilianguka," alisema. "Nimepasuliwa tumbo. Nilikaribia kufa, nikaokoka. Ndicho alichoandika Mchungaji. Ile nyingine... bado, Mama."

Mama hakuuliza kuhusu tumbo. Sauti yake ilishuka, ikawa ndogo, ya mtu aliyegeukia ukuta.

"Kwa hiyo ungekufa hivyo hivyo?"

"Ningekufa hivyo hivyo, Mama."

Ndipo alipolia, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya kumzika Baba. Na kina mama waliokuwa sebuleni, wakidhani ni furaha imemzidi, wakampigia vigelegele.