Mkono wa Chiriku

Mwanangu tunamwita Chiriku, maana asubuhi mdomo wake huamka kabla yake. Ana miaka mitano. Tukitoka nyumbani kwenda kituo cha basi la shule huongea na viatu vyake, akaongea na paka wa jirani, na mimi hunipa zamu ikibaki. Siku ya mtihani wangu zamu hata ingebaki nisingeisikia. Kichwa kilikuwa kimejaa kama sanduku la safari, ukigusa tu vitu vinamwagika.

Kituo chenyewe ni nguzo iliyopinda mbele ya saluni ya kinyozi mmoja mnene, mwenye kitambi kinachotangulia kufika kila anapokwenda. Watu wazima wanamwita Breki. Watoto wanamwita Anko Breki. Jina alilopewa na mama yake nadhani analikumbuka mama yake tu.

Zamani alikuwa kinyozi tu. Sisi wazazi tulikuwa tunawaacha watoto pale nguzoni, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki nao, halafu tunakimbilia vibarua vyetu. Asubuhi moja upepo ukachukua kofia ya mtoto ukaipeleka chini ya pua ya basi. Mtoto akainama kuiokota. Dereva, juu kule alikokaa, hamwoni, na gari limeshaanza kunguruma. Kinyozi akachomoka ndani na povu la kunyolea mkononi, akalipiga basi ubavuni kwa kiganja, akapiga ukelele, "Breki! Breki!" Inasemekana hata mwendesha baiskeli wa mtaa wa pili alisimama. Basi likasimama. Mtoto akatoka chini ya pua ile na kofia yake, anashangaa watu wazima wanalia nini.

Kesho yake alituita wote. Hakutukaripia, na hilo ndilo lililotuuma. Alikuwa ametoa benchi la wateja wake, akaliweka ukutani, mbali na lami. Akasema, "Watoto watakaa hapa. Mimi nitasimama upande wa barabara. Kila siku mzazi mmoja anasimama nami, pale mlango wa basi unapofungukia. Mtoto haachwi mkono hewani. Mkono wake unatoka kwenye mkono, unaingia kwenye mkono."

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Basi likitokea kwenye kona, Breki huwauliza watoto waliojipanga kwenye benchi kama ndege kwenye waya:

"Basi linakuja, nani anasimama?"

"Hakunaaa!"

"Basi limesimama, nani anasimama?"

"Hakunaaa!"

"Mlango umefunguka?"

"Wa kwanza!"

Anainuka wa kwanza, anashikwa mkono na Breki, anapelekwa kwa mzazi wa zamu, mzazi anamkabidhi kwa dada wa basi. Halafu wa pili. Dereva haondoki mpaka Breki apite mbele ya gari, ainame atazame chini, kisha ainue kiganja. Wateja wake wanajua. Utawakuta mlangoni wamevaa shuka la kunyolea, shavu moja jeupe kwa povu, wanasubiri. Hakuna anayelalamika. Aliyelalamika mara moja aliambiwa, "Ndevu zako zitakuwepo, usiwe na wasiwasi."

Sharti lililotusumbua ni la jioni. Anayekuja kumpokea mtoto ni yule ambaye Breki ameshamwona uso. Yaani asubuhi moja uje naye kituoni, mtoto amshike mkono mbele ya Breki, Breki amtazame vizuri. Bila hivyo humchukui mtoto, hata uwe nani. Mama mkwe wa muuza dawa alizuiwa hapo asimchukue mjukuu wake wa damu. Akaapa hatanyoa tena kwenye saluni ile. Breki akamwuliza kwa upole, "Kwani mama ulikuwa unanyoa?"

Tena kila asubuhi humwuliza kila mzazi swali lile lile: "Leo uko wapi?" Siyo umbea. Anataka kujua, mtoto akihitaji mama, mama anapatikana wapi.

Basi siku hiyo akaniuliza, "Leo uko wapi, mama Chiriku?"

"Ukumbi wa darasa la jioni, nyuma ya posta," nikajibu. "Leo ndiyo mtihani wa mwisho."

"Ahaa! Ndiyo maana umevaa blauzi ndani nje."

Nikajitazama. Mishono yote iko nje, na lebo ya blauzi inaning'inia ubavuni kama bei. Mama wa zamu akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi ninayeshinda kwa dobi nikipiga pasi mashati ya watu! Akanisukuma ndani ya saluni, akanikinga kwa mtandio nikaigeuza, kisha akawahi nje kwenye zamu yake. Nilipotoka basi limeshafika, Chiriku ameshashika mkono wa dada wa basi, ananipungia. "Mama, usikosee!" akapiga kelele. Nami nikakimbia kazini kwanza, maana mtihani ulikuwa wa alasiri.

Nilikuwa nimeshakosea. Jirani aliyekuwa ampokee Chiriku jioni, ambaye Breki anamjua, aliitwa usiku wa kuamkia siku hiyo akamwuguze mama yake. Nikampigia mdogo wangu wa kiume, fundi wa friji, anayeishi upande wa pili wa mji. Akakubali palepale, maana anampenda Chiriku kupita kiasi. Angeweza kupitia kituoni asubuhi akienda kazini, aonwe uso. Sikumwambia. Na Breki nilikuwa nimwambie, lakini ile blauzi ikanimaliza.

Mtihani ule huja mara moja kwa mwaka. Ukifaulu unapata cheti, na kwa cheti kile chuo cha walimu wa chekechea wananipokea. Nimekaa darasani jioni baada ya jioni, mikono ina alama za pasi, nikirudi nyumbani nanong'oneza masomo huku nikikoroga uji. Masharti ya ukumbini ni mawili: simu inawekwa kwenye kapu mlangoni, na ukitoka kabla ya muda umetoka, hurudi.

Swali la tatu lilisema: mwandikie barua rafiki ambaye hajawahi kufika kwako, umwelekeze njia. Nikafurahi. Hilo naliweza. Nikaandika posta, nikaandika daraja dogo, nikaandika, "ukishuka kituoni, ndugu yangu atakupokea."

Kalamu ikasimama.

Atakupokea. Ndugu yangu. Kituoni. Ambaye Breki hajawahi kumwona uso. Nilimwona mdogo wangu, mwepesi wa hasira kama kiberiti, amesimama mbele ya kitambi cha Breki. Nilimwona Chiriku katikati yao, anavutwa huku na huku, analia. Nikamwona anakimbilia barabarani. Nikasimama. Kiti kikakwaruza sakafu, ukumbi mzima ukageuka.

"Unatoka?" akauliza msimamizi.

Miguu ilitaka kwenda. Mlango uko pale, simu iko pale kwenye kapu. Nikitoka, cheti kimekwenda, mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine nani anaujua? Nisipotoka, mtoto wangu.

Ndipo nikajilazimisha kumtazama tena mtoto wangu kichwani, taratibu, kama filamu inayorudishwa nyuma. Basi linasimama. Mlango unafunguka. Dada wa basi anamshika mkono, anamkabidhi. Kwa nani? Kwa Breki. Na Breki akishika mkono wa mtoto, nani wa kuufungua mkono ule? Mdogo wangu? Mdogo wangu akileta nyundo zake zote za friji haufungui. Sharti lile lile nililolisonya mara ngapi moyoni, sasa ndilo lililokuwa limemshika mwanangu. Hawezi kukimbilia barabarani. Hawezi kuvutwa na mtu. Atalia labda, lakini atalia akiwa ameshikwa.

"Samahani, mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nanyoosha mgongo."

Nikakaa. Nikafuta lile neno "ndugu yangu", nikaendelea na barua.

Muda ulipoisha nilitoka wa kwanza, nusura nipindue kapu la simu. Jua lilikuwa linashuka, bado lina rangi. Pale kwenye ngazi za ukumbi nikakuta watu wanne. Breki amekaa katikati, mkoba begani, mkono wa kulia umeshika mkono wa Chiriku. Chiriku anasimulia kitu, hajapumua. Mdogo wangu amekaa ngazi ya chini kabisa, amewapa mgongo, kama jogoo aliyenyeshewa. Na pembeni yao bwana mmoja mgeni kwangu, mwenye shuka la kunyolea shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele tele.

"Mama!" Chiriku akapiga kelele. "Umeme ulikatika na huyu bwana amebaki nusu!"

"Ndivyo anavyonitambulisha njia nzima," akasema yule bwana kwa huzuni.

Mdogo wangu akaruka juu. "Dada, huyu mtu wako! Nimemwonyesha kitambulisho. Nimemwonyesha picha kwenye simu, nimembeba huyu mtoto akiwa mchanga, bado macho hayajafunguka vizuri. Unajua ameniambia nini? 'Mtoto mzuri. Kaa.' Kaa! Mimi! Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu."

"Simu ilikuwa kwenye kapu," nikasema.

"Na Chiriku mwenyewe amesema, huyu ni mjomba wangu!"

"Alisema kweli," Breki akakubali. "Na wiki iliyopita alisema yule paka ni shangazi yake."

"Ni shangazi," Chiriku akasema.

Breki akanigeukia. "Nilitaka akae saluni mpaka umalize. Umeme ukakatika mtaa mzima, ndani giza, mtoto akaanza kutaka mama. Nikasema basi, asubuhi aliniambia nyuma ya posta. Huku umeme upo. Tukaja kwa miguu."

"Sote," akasema yule bwana wa nusu kichwa. "Kupita sokoni. Mchana kweupe."

"Na mimi nyuma yao," akasema mdogo wangu, "kama mwizi anayesindikizwa. Watu wanauliza, huyu kafanya nini?"

Nilijiandaa kuomba radhi, kwanza kwa huyu au kwa yule, sikujua. Lakini mdogo wangu aliketi tena, akajipangusa uso. Sauti ikashuka.

"Dada, nilipomaliza kelele zangu pale sokoni, nilimtazama hivi kwa nyuma. Kila nikikaribia, anamhamishia mtoto upande wa pili. Kila nikikaribia. Hakunitukana hata mara moja. Nikajiuliza, je, ningekuwa siyo mjomba? Ningekuwa mtu tu, nina picha na maneno matamu?" Akatikisa kichwa. "Nikaona nifunge mdomo nitembee."

Macho yakanijaa. Breki akajifanya anatazama viatu vyake.

"Mama Chiriku," akasema yule bwana, "yote hayo ni mazuri sana, lakini mpokee mwanao. Huyu kinyozi wako ana mashine kwenye mkoba, mlinzi wa ukumbi ametupa ruhusa ya kuichomeka kibandani kwake, na mkono wa kunyolea ndio huo umemshikilia mtoto. Nimemwambia amwachie mtoto kidogo tu. Kidogo tu!"

"Hewani?" akauliza Breki. "Haiwezekani."

Nikanyoosha mkono. Breki akainuka kwa taabu, akauleta mkono wa Chiriku mpaka ndani ya wangu, hakuuachia mpaka vidole vyangu vilipofunga. Ulikuwa wa moto na umelowa jasho, unanata kwa pipi fulani. Yeye akawa anakunja na kukunjua vidole vyake vilivyokufa ganzi.

Kisha nikamwita mdogo wangu. "Njoo hapa tumalize." Nikautia mkono wa Chiriku kwenye wake, palepale kwenye ngazi. "Breki, huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mtazame."

Breki akamtazama. Akamtazama kutoka kulia, akamtazama kutoka kushoto, kama anayetafuta pa kuanzia kukata. "Masikio haya sitayasahau," akasema. "Karibu kituoni, mjomba."

"Asante, Breki," akajibu mdogo wangu, na kusema kweli alisimama wima kama aliyepewa cheo.

Mashine ikaanza kulia kibandani kwa mlinzi. Chiriku akataka tusogee akaone, akamshauri yule bwana aache vile vile, nusu kwa nusu, ili asipotee sokoni. Bwana alicheka mpaka Breki akamwambia atulie asije akakosa sikio.

Tulirudi sote pamoja, Chiriku katikati yangu na mjomba wake. Breki alitembea upande wa barabara. Hakuambiwa, ndiko anakotembea siku zote. Habari za mtihani hakuuliza mpaka tulipovuka daraja dogo.

"Uliandika?"

"Niliandika yote."

"Walikuuliza nini?"

"Mengi. Moja ni kumwelekeza rafiki njia ya kufika kwangu."

"Ukamwambia apite wapi?"

"Nilimwambia akishuka tu kituoni, aje kwako, utampokea."

Breki akavuta shati lifunike kitambi. Kisha akakohoa.

"Sawa. Lakini mwambie kwanza aje asubuhi nimwone uso."