Mpira Usiominywa

Ule mpira wa sifongo, wa kushika wakati wa sindano, wagonjwa wangu wengine wote waliuminya. Kuna walioacha alama za kucha, na kuna mmoja aliyenyofoa kipande kabisa, akaomba radhi kwa midomo iliyokufa ganzi, maneno yakimtoka kilevi. Kwenye kiganja cha Mama Wadih mpira ulikaa mviringo, kama chungwa lililosahauliwa mezani.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Ukiumia niambie."

"Nitakuambia."

Hakuniambia.

Aliletwa kwenye kliniki yangu ya urembo, mtaa wa Ashrafiye, Beirut, na mdogo wake Georgette, mwanamke wa manukato na bangili, aliyeingia akiongea. Mume wa Mama Wadih alikuwa amefariki majira ya baridi. Misa ya arobaini ilikwishapita, na sasa binti yao alikuwa anaolewa.

"Daktari, mwangalie dada yangu," Georgette alisema, akimshika kidevu kama anayekagua tikiti sokoni. "Huyu ndiye mama wa bibi harusi? Watu watadhani amekuja kukodisha viti! Mjaze midomo kwa sindano, mwanangu. Midomo ya mtu aliye hai."

"Yako ingetiwa kufuli," dada yake akajibu, bila kutabasamu.

Nikamgeukia. "Na wewe mwenyewe, mama, unataka?"

"Fanya tu. Nimechoka kuulizwa."

Rima, karani wangu, alileta kahawa. Ya Georgette ilikuwa tamu. Ya Mama Wadih haikutiwa sukari, kwa kuwa alivaa nyeusi, na wafiwa hunywa chungu. Aliimaliza kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa mwingine.

Miaka ile nilikuwa na jina Beirut, nami nililivaa jina hilo kama koti jipya. Mkono wa pamba, waliniita. Nilipaka dawa ya ganzi na kuisubiri ikolee, wakati wenzangu wakikimbilia mteja anayefuata. Niliweka barafu, nikachagua sindano nyembamba, nikasukuma dawa polepole huku nikipiga soga. Niliyachukia maumivu kama adui wa ukoo. Mtu akiinuka kitini na kusema hakuhisi kitu, nilitembea siku nzima kifua mbele.

Huyu hakuhisi kitu tangu mlangoni. Nami, kwa kiburi changu, nikadhani ni ufundi wangu.

Mdomo wa chini ulikwisha. Nilikuwa katikati ya ule wa juu umeme ulipokatika.

Hakuna anayeshtuka. Mjini kwetu kila anayeshika kitu chenye ncha, hata kinyozi, ana desturi moja: giza likiingia, chomoa, inua mkono, tulia mpaka jenereta ya jengo ishike. Nikachomoa. Nikainua mkono.

"Marehemu alikuwa akipiga mluzi," Mama Wadih alisema gizani. "Umeme ukikatika, anapiga mluzi mpaka taa irudi. Alikuwa ananiudhi!"

Taa ikarudi.

Juu ya mdomo wake, karibu na pua, palikuwa na baka jeupe kama nta ya mshumaa. Nilipabonyeza kwa kidole, nikaachia. Ngozi iliyo hai, ukiiachia, damu hurudi mbio. Hapa haikurudi. Dawa ya kujaza ilikuwa imeziba mshipa.

"Hapa pameanza kuuma lini?"

"Kitambo."

"Mbona hukusema, mama?"

Akanitazama, macho makavu. "Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

Lau umeme usingekatika, ningeendelea kusukuma. Na hata sasa, kama ningechelewa, nyama ile ingegeuka nyeusi na kufa, naye angemsindikiza binti yake madhabahuni na kidonda usoni. Nikamwita Rima alete kitambaa cha moto na dawa ya kuyeyusha ile niliyomjaza.

"Nitachoma mara nyingi, na nitakanda kwa nguvu," nikamwambia. "Ganzi uliyo nayo haitoshi kwa hili. Itauma."

"Haya."

Nilichoma, nikakanda, nikachoma tena. Mwanzoni alilala kama gogo. Kisha nikasikia mlio mdogo: vidole vyake vilikuwa vimezama ndani ya mpira. Halafu akapiga yowe, akalitaja jina la mumewe, jina ambalo Georgette aliniambia baadaye hakulitamka tangu mazishi. Georgette alikuja mbio kutoka chumba cha kusubiri, akasimama mlangoni. Dada yake alikuwa akilia kwa mwili mzima, mate na machozi vikishuka kwenye kidevu kisichojihisi.

Nikauondoa mkono.

"Endelea," akasema. "Usiache."

Wekundu ulirudi taratibu, kutoka pembeni.

Alikuja baada ya harusi nimkague. Dawa yote ilikuwa imeyeyuka. Midomo ilikuwa ileile aliyozaliwa nayo, myembamba, yenye mikunjo. Rima akamwekea kahawa bila kuuliza. Akaonja, akaisukuma kando.

"Hivi hii ndiyo mnayowapa watu?"

"Ndiyo uliyokunywa siku ile, mama."

"Chungu hivi? Hebu leteni sukari."

Nilikuwa nambonyeza juu ya mdomo, nikiitazama damu ikirudi, giza lilipoingia. Kwa mazoea nikauinua mkono, ingawa haukushika kitu. Jenereta ilichelewa. Tukakaa.

Kisha nikasikia pumzi ikipita kwenye midomo yake, mara ya kwanza upepo mtupu, mara ya pili sauti nyembamba ya mluzi, isiyo na wimbo.

Sikuushusha mkono mpaka taa iliporudi.