Spiriti ya Kazi

Twiga wa mbao wa Wamunyu hunukia viatu vya Jumatatu asubuhi. Akishachongwa na kupigwa msasa, hupakwa kiwi, ileile ya viatu, kisha husuguliwa kwa kitambaa mpaka ang'ae. Mwelu aliijua harufu hiyo tangu utotoni. Hata alipokuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni ya bima kule Nairobi, mtu akipita na viatu vilivyotoka kung'arishwa, roho yake ilirudi mbio kwenye kibanda cha baba yake, na mkutano ukaendelea bila yeye.

Kibanda hicho sasa ndicho kituo chake. Aliacha kazi mwaka juzi, na watu walisema, wakasema mpaka wakachoka. Ofisini alikuwa akiandika barua za kuwaachisha kazi walevi, barua safi zisizo na kosa hata la herufi, na kila alipotia saini alimwona baba yake, Jeremiah, akitoka mlangoni na tezo yake ya kuchongea begani. Siku moja kalamu ikamshinda. Akarudi nyumbani, akawakaribisha wachongaji walioangushwa na pombe wakae, wale, wachonge, wajifunze upya kuamka bila kutetemeka.

Sheria ilikuwa moja tu: spiriti haiingii. Vanishi huhitaji spiriti, na spiriti, aliyoinywa badala ya kuichanganya, ndiyo iliyommaliza Jeremiah.

"Kakimbie dukani uniletee spiriti ya kazi," baba alikuwa akimwambia, naye Mwelu akitimua mbio na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akijivuna kwamba kazi ya baba haiendi bila yeye. Maskini, mtoto! Walipomzika Jeremiah, Mwelu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Habari ya ile chupa hakumwambia mtu, hata mama yake.

Asubuhi moja Mwelu alikuwa akimsugua twiga karibu na Musili, mzee aliyefundishwa uchongaji na Jeremiah mwenyewe. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya mzee huyo bila kunywa, na mikono ilikuwa imeanza kumtii.

"Mkurugenzi," Musili alimtania, "hawa twiga wa mteja wanataka vanishi. Kiwi itatuaibisha. Niletee spiriti kidogo tu, ya kazi."

Mwelu aliinua kichwa. Maneno yaleyale ya baba! Na la kutisha zaidi, mguu wake ulikuwa umeshageukia mlangoni, kana kwamba bado una miaka kumi.

"Siendi, mzee wangu."

"Mbona? Zamani hukuwa unakataa."

Kitambaa kikamponyoka Mwelu. "Kumbe ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakungoja." Musili aliweka tezo chini. "Mimi na baba yako tuligawana kila tone. Vanishi ikakosa spiriti, ndipo tukaanza kupaka kiwi. Unadhani kiwi iliingiaje humu kibandani?"

Mwelu akakaa juu ya gogo. Miaka yote ile aliilowesha nafsi yake katika harufu ya kiwi, akidhani ndiyo harufu ya baba akiwa mzima, hajalewa. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Basi mimi ndiye niliyemuua."

"Wewe ulikuwa mtoto, umetumwa na mzazi. Sisi ndio tuliojua ni ya nini. Nisikilize, Mwelu. Sisi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa chupa tupu iliyozibwa kwa gunzi.

"Nimeiosha leo alfajiri. Nilisema moyoni ukikataa, nitaenda dukani mwenyewe." Alimkabidhi kwa mikono miwili, na mikono hiyo ikaanza tena kutetemeka. "Shika. Usinirudishie hata nikikuomba."

"Utaniomba?"

"Ee. Labda hata leo, kabla ya chakula cha mchana."

Mwelu alizibua chupa, akanusa. Sabuni tu. Akaitia chupa mfukoni mwa aproni yake, akaokota kitambaa, akakichana vipande viwili na kumpa Musili kimoja. Kopo la kiwi wakaliweka katikati yao, wakaanzia masikioni mwa twiga, kama Jeremiah alivyowafundisha.