Matanga ya Amoit

Mwezi wa kwanza mwaka 1967 katekista Okware alimaliza matanga ya mama yake huko Petta, na mimi nilikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu amekaa juu ya kigoda, mrija mdomoni, anavuta pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja na wajomba zake. Ng'ombe alichinjwa. Ngoma zililia tangu Ijumaa. Na Padri, yule Mzungu wa misheni, alikuja na pikipiki yake kutoka Tororo, akanyunyiza maji ya baraka juu ya kaburi, kisha akaketi akala nyama pamoja na watu.

Mimi nilisimama karibu na jiko, sahani mkononi, nyama sijaigusa. Mama mmoja wa pale, Nangila, aliyekuwa akimimina maji ya moto chunguni, akaniona.

"Othieno, huo uso umeuazima wapi? Matanga ni ya mwenzako, wewe ndiye umekauka. Vuta mrija, baba."

Sikuvuta. Okware huyo huyo ndiye aliyenikataza kumaliza matanga ya mke wangu.

Mke wangu aliitwa Amoit. Alikuwa Mteso wa ng'ambo, upande wa Kenya, kwao ni nyuma ya soko la Busia. Mimi ni Japadhola wa Iyolwa, upande wa Uganda. Nyumbani tulisema Kiswahili, maana lugha yangu ilimchekesha na yake ilinishinda. Alikufa mwaka 1963, kwa ugonjwa wa tumbo. Tulimzika, Okware akasali. Baada ya mavuno kaka yake, Ecweru, akavuka mpaka na mbuzi mmoja na wazee wawili, tupange siku. Kwao, kama kwetu, aliyezikwa bila kumaliziwa matanga bado yuko njiani. Ndugu zake sharti waje wanywe na mume, wamtaje, wamlie mara ya mwisho. Ndipo mume ananyolewa na watu wanarudi kwenye kazi zao.

Jumapili ile, wageni wakiwa kwangu, Okware akasoma Injili kanisani. Ni pale mtu mmoja anapomwomba Yesu ruhusa akamzike baba yake kwanza, naye Yesu anamjibu kwamba kazi hiyo awaachie wafu wenyewe. Akafunga kitabu, akaniangalia mimi, mbele ya watu wote.

"Othieno, hapa Bwana anasema na wewe. Ukiweka chungu, basi wewe pia ni maiti. Komunyo utaisikia kwa jirani."

Nilimfuata nje. Nikamwambia, mwalimu, mbona huyo mtu wa kwenye Injili ni wa mazishi, na mimi mke wangu nimeshamzika?

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Darasa la pili."

"Basi kitabu waachie wenyewe. Mkatoliki hajifasirii. Hayo ni ya Waprotestanti, kila mtu na maana yake mfukoni. Sisi maana tunapewa."

Nikapewa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Ecweru achukue mbuzi wake. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama ni mimi ninayesema au ni kanisa. Nikasema ni mimi, kwa sababu Okware alikuwa amenifundisha nijibu hivyo. Miaka mitatu na zaidi hakuna mtu wa kwao aliyekanyaga kwangu. Hata sokoni Busia walinipita kama mti.

Sasa mwone Okware na mrija.

Nilingoja Padri amalize kula, nikawaendea wote wawili. Nikauliza lile neno la Injili limekwenda wapi.

Okware akapangusa mdomo. "Ndugu yangu, neno hilo lipo. Ila tumesoma semina Tororo. Tangu maaskofu wakutane Roma, tunaambiwa tuangalie ni nani alikuwa anasema, anamwambia nani, siku zipi. Yule mtu alikuwa anatafuta sababu ya kuchelewa. Bwana hakukataza msiba."

"Na Amoit alikuwa anachelewesha nini?"

Padri ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha polepole. Akasema Maandiko ni yale yale, Kanisa ndilo linalozidi kuyaelewa, na kwamba katekista wakati ule alifundisha kwa ukali kuliko alivyotumwa. Akasema pole. Akasema naweza kumaliza matanga ya mke wangu, yeye mwenyewe atakuja abariki.

"Baba Padri," nikasema, "watu wa kwake hawawezi kuja. Niliwafukuza kwa mdomo wangu. Mpe Okware ruhusa twende wote Busia, aseme mbele ya Ecweru kwamba yeye ndiye alinikataza. Hilo tu."

Padri akamtazama Okware. Okware akatazama chungu.

"Kwaresima inakaribia," akasema, "nina wakatekumeni arobaini wa kubatizwa Pasaka."

"Baada ya Pasaka, labda," Padri akasema.

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi. Kukataza, walikataza siku hiyo hiyo. Kunyoosha kunangoja Pasaka.

Sikungoja. Wiki iliyofuata nilisaga wimbi, nikafunga gunia nyuma ya baiskeli, nikatoka Iyolwa alfajiri. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Nitasema ni mimi. Hapana, nitasema ni Okware, lakini mimi ndiye niliyemsikiliza. Nitaomba siku moja tu, waje, tumlie.

Nilimkuta Ecweru uani kwake, anawamba ngozi za ng'ombe juani. Alisimama akanawa mikono kwanza.

"Shemeji, habari za hapa?" nikasema.

"Nzuri. Karibu, bwana."

Nilidhani hilo bwana, badala ya shemeji, ni utani wa hasira. Nikatoa yote. Injili, Okware, semina, chungu cha Petta, Padri na nyama yake. Ecweru alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza akachukua kiti, akakaa mbele yangu.

"Matanga ya Amoit tulimaliza," akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi, baada ya mavuno. Mama alikuwa hapati usingizi. Tulileta udongo kidogo wa kaburi lake, tulipitia kwako siku ambayo hukuwepo."

"Bila mimi?"

"Tulikuita. Huyo Okware wenu alikuwa anakuja hapa Busia kusalisha, tukampa habari akuletee. Jumapili iliyofuata akarudi na jibu. Akatuambia Othieno amesema wafu mwashughulikie wenyewe."

Nilitaka kusema sikuletewa neno lolote. Nilisema. Nadhani nililisema mara mbili.

"Naamini," Ecweru akasema. "Leo naamini. Lakini siku ile tulikaa na watu, chungu kimechemka, na mahali pa mume pakiwa wazi. Wazee wakakataa yaendelee hivyo. Binamu yetu Egau akakaa pale. Yeye ndiye aliyenyolewa. Yeye ndiye aliyeitika kama mume Amoit alipotajwa."

"Basi turudie. Unga ninao, huo hapo. Mbuzi nitanunua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Msiba mmoja haumalizwi mara mbili. Tukimwita tena tutamsumbua. Yeye ameshafika, na kwa wazee wa hapa, aliyekuwa mume wake ni Egau. Mimi sikupendi kwa hilo, wala sikuchukii. Ndivyo lilivyokwisha."

"Mimi nilikaa naye miaka kumi na tisa, shemeji."

"Najua."

Akamwita mkewe alete chai. Ililetwa kwenye kikombe cha maua, na kisahani chini yake, na mkate umekatwa vipande. Siku za Amoit, hapo kwa Ecweru nilikuwa naingia jikoni najichotea mwenyewe kwa kata.

"Kunywa, bwana Othieno," akasema, "kabla jua halijawa kali. Kwenu ni mbali."

Nikanywa.