Kitovu cha Pipa la Tina

Tina, kiyeyusho cha rangi na vanishi, haimiminwi kabla kitovu hakijafungwa. Kanuni hiyo ilijulikana kwa kila mtu katika karakana yetu ya samani, na ni mimi, mtunza stoo, niliyeiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Kitovu ndilo jina tulilouita waya wa kijani na njano. Ncha yake moja ilikuwa na meno ya kuuma kopo. Nyingine ilipita nyuma ya pipa, ikafungwa kwa bolti, ikaishia kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Tina inapotiririka huzaa umeme usioonekana. Waya ukiwapo, umeme huo huteremka ardhini. Usipokuwapo, huruka cheche, na mvuke wa tina hauhitaji zaidi ya hapo.

Chini yake niliandika kanuni ya pili: atiaye saini awe ameona, asiyeona arudishe ufunguo wa stoo.

Mume wa dada yangu nilimwingiza kazini mwenyewe, nikamfundisha kumimina. Kwa miaka sita aliniita shemeji mbele ya watu wote. Alikuwa mcheshi. "Shemeji yangu huyu," aliwaambia mafundi, "hata chai hamimini mpaka birika lifungwe waya." Walicheka, nami nilicheka. Kila asubuhi nilimwuliza kupitia dirisha la stoo kama kitovu kipo. Alijibu kwamba kipo. Niliyaona meno yameuma kopo, nikatia saini katika daftari la ukaguzi bila kwenda nyuma ya pipa.

Asubuhi moja ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, fundi wa vanishi, mama mmoja mpole tuliyemwita Bi Mng'aro, alikwenda kujaza kopo lake. Alilibana kopo kwa meno ya kitovu kama ipasavyo, akafungua bomba. Moto ulimrukia mikononi. Tuliuzima kwa unga wa mtungi wa kuzimia moto, tukamkimbiza hospitali akiwa ameungua hadi viwiko. Nilipokwenda nyuma ya pipa nilikuta waya umekatwa kabla ya bolti, na kipande cha kwenda kwenye nondo hakipo. Mkato wenyewe ulikuwa na vumbi la wiki nyingi.

Meneja alituita ofisini. Nilimtazama shemeji nikingoja aseme alichokijua. Hakunitazama.

"Huyu mzee ndiye hukagua kila asubuhi," alisema. "Saini zake zimo daftarini."

Huyu mzee. Neno shemeji lilikuwa limekwisha kinywani mwake. Meneja alinipa hadi kesho nieleze saini zote za waya usiokuwapo, la sivyo nifukuzwe na kushtakiwa.

Jioni nilikwenda kwa dada yangu nikitaka kuzungumza na mumewe. Hakuwapo. Dada alikuwa uani akianua nguo, na kamba aliyoanulia ilikuwa ya kijani na njano.

Nilimwuliza ilikotoka.

"Si wewe uliyempa, kaka?" alisema. "Aliniambia ni mabaki ya stoo, umeniletea nisihangaike na kamba zinazooza. Nikakuombea heri."

Nilimweleza. Aliliweka chini shati la mumewe. Kisha alifungua mafundo yote mawili kwa mkono wake, nguo zilizosalia zikaanguka mavumbini, akakunja waya na kunikabidhi. Alijua kwamba mshahara uliomlisha ulikuwa katika waya huo. Hakuniomba nimfichie mumewe, na hilo liliniuma kuliko kama angeniomba.

Kesho yake niliuweka waya mezani. Ulilingana na kipande kilichobaki, mkato kwa mkato. Shemeji alifukuzwa kabla ya adhuhuri na shauri lake likapelekwa mbele. Meneja akaniambia kwamba nimesafika, nirudi stoo.

Nilimjibu kuwa sijasafika. Niliuliza kupitia dirisha, nikatia saini kana kwamba nimeuona waya wote. Mtu aliniambia kipo, nami nilimwamini kwa kuwa alikula nyumbani kwa dada yangu. Lakini mikono iliyoungua haikuwa yangu wala yake. Kanuni ya pili niliiandika mwenyewe; ufunguo ningeurudisha, na meneja akakubali uende kwa Bi Mng'aro akipona.

Bi Mng'aro alirudi kazini baada ya miezi miwili, ngozi ya mikono ikiwa nyororo na nyekundu. Nilimpelekea ufunguo wa stoo. Hakuupokea. Alizunguka kwanza nyuma ya pipa, akaufuata waya mpya kwa kidole kutoka kwenye meno hadi kwenye bolti, na kutoka kwenye bolti hadi kwenye nondo, akautikisa. Ndipo aliponyoosha mkono.

Nilimpa ufunguo, nikachukua msasa, nikaenda kusugua viti pamoja na vibarua.