Daraja la Kwanza la Ukwezi

Nchi ya Ukwezi imekaa juu ya vilima vilivyopandana, kila kilima kikitamani kumkalia mwenzake mabegani, na watu wake nao wameumbika hivyo hivyo. Huko mtu haulizwi jina wala ukoo, huulizwa daraja. Wenye Daraja la Kwanza hukaa vileleni, kwenye upepo mwanana na maji yanayopandishwa kwa migongo ya wengine. Wa Pili na wa Tatu hung'ang'ania miteremkoni. Na wasio na daraja huishi bondeni, kando ya Mto Sumbura, ambao kila masika huvimba na kuondoka na mtu. Anayetawala huitwa Mkwezi Mkuu. Ile methali isemayo mpanda ngazi hushuka aliifuta katika vitabu vya shule mara tu alipotawazwa, na neno kushuka likawa tusi, mtoto akilitamka mbele ya wageni anafinywa. Ipo hata Wizara ya Madaraja, yenye jumba refu na zulia jekundu, ilhali mto hauna hata gogo la kuvukia, maana hakuna aliyethubutu kumwuliza waziri anashughulikia madaraja gani hasa.

Kilimani pia kuna Chuo cha Uhandisi. Wanafunzi wake huvishwa glavu nyeupe siku ya kwanza, na anayehitimu na glavu zisizo na doa ndiye mwenye Daraja la Kwanza. Karakana wanayo, tena nzuri, ila mashine zake bado zimo ndani ya nailoni zilizokuja nazo, na ufunguo uko mfukoni mwa mkuu wa chuo, anayechelea zisije zikachakaa. Katika chuo hicho alifundisha Sikudhani, mwanamke mfupi, mcheshi, ambaye kwa bahati yake mbaya aliamini kwamba uhandisi hupita vidoleni kabla ya kufika kichwani.

Kila Jumamosi aliwavua wanafunzi wake glavu na kwenda nao kwenye shule za bondeni. Huko, pamoja na watoto, walijenga vidaraja vya mabua ya mtama, kamba za mkonge na udongo, wakavipakia mawe hadi vivunjike. Kule kuvunjika ndiko kulikokuwa somo. Bua kabla ya kuvunjika hulia, sauti nyembamba kama ya panya darini, na mtoto aliyewahi kuisikia na kuonyesha inatokea wapi ndiye aliyepigiwa makofi. Aliyewazidi wote kwa masikio na mikono alikuwa mwanachuo mmoja, Mlekwa, mzaliwa wa bonde lile, ambaye Sumbura ulikuwa umemchukulia dada yake. Aliapa kwamba watu wa kwao watavuka kwa miguu mikavu. Sikudhani alimpenda kama mtoto wa kumzaa, na kila alipoitazama mikono yake iliyojaa tope aliona wazi kwamba siku hiyo itafika.

Habari zikapanda kilimani, kama zinavyopanda zote. Waziri akamwita Sikudhani, akamkirimu chai, akasifu bidii yake, kisha akamweleza kwa upole kinachomkosesha raha.

"Mtoto akizoea kuulizwa daraja limevunjikia wapi," alisema, "kesho atatuuliza na mengine."

Akaiweka mezani nishani ya Daraja la Pili. Sikudhani alikuwa amechoka kusimama nyuma kwenye harusi za watu, amechoka kunyamazishwa na vijana aliowafundisha mwenyewe. Akaichukua. Hakuna aliyemtishia, hakuna aliyemshika mkono, na hilo ndilo lililomtafuna miaka yote iliyofuata.

Ijumaa hiyo Mlekwa alimjia na mzigo wa mabua begani, akamwuliza kesho wanaondoka saa ngapi. Mwalimu akamjibu, "Tutaona." Hawakuona kitu. Kijana aliyatua mabua mlangoni pa karakana, akavaa glavu zake, na kwa kuwa akili alikuwa nayo, akapanda upesi kuliko wote.

Ukafika wakati Mkwezi Mkuu akatamani daraja la kuonekana kutoka mbali. Mlekwa, sasa Mhandisi Mkuu, akalichora. Karatasini lilipendeza ajabu: limeinuka katikati mithili ya nundu, ili wakubwa waonekane juu ya kila mtu. Siku ya uzinduzi watu wa bondeni walizuiwa nyuma ya kamba, kwani sheria ya Ukwezi haimruhusu mtu kukanyaga daraja asilokuwa nalo. Wengine wakapanda kwa itifaki: wa Tatu wakabaki pembeni, wa Pili wakasogea mbele kidogo, na wa Kwanza wote wakabanana kule juu katikati, na vitambi vyao, na viti vyao vya mawe, na sanamu ya shaba ya Mkwezi Mkuu.

Hapo Sikudhani, aliyesimama kati ya wa Pili, akaisikia ile sauti nyembamba. Akamtupia macho Mlekwa, akamwona anatazama miguu yake. Naye ameisikia.

"Shukeni darajani," akawaambia. "Mlio katikati, taratibu, mmoja mmoja."

Minong'ono ikasambaa. Waziri alikuwa amezibwa masikio na cheo chake, akasikia alichozoea kukiogopa.

"Anatwambia tushuke daraja," akasema, akawaashiria askari.

Askari wakambandua Sikudhani nishani, wakamkokota mpaka ukingoni na kumtupa nyuma ya kamba. Aliumia goti. Lililomuuma zaidi ni kwamba pale chini, kwenye tope, alikuwa salama, na kijana wake yuko juu. Akainuka, akamwita kwa jina, bila cheo. Mlekwa akaja mpaka ukingo wa daraja, glavu zake nyeupe pepepe.

"Nimeisikia, mwalimu."

"Basi shuka, mwanangu."

Mlekwa akageuka kuwatazama wenzake, kila mmoja akingoja aone nani atakayeanza kujishushia heshima. Uso wake ukawa wa yule kijana wa zamani, kwa kitambo tu.

"Somo hilo hatukulifikia," akasema, akarudi katikati kusimama mahali pake.

Daraja likalia tena, na safari hii hata walio nyuma ya kamba walilisikia, wakaanza kurudi nyuma kimya kimya, wakiwavuta watoto wao. Kule juu Mkwezi Mkuu aliamuru bendi ipige kwa nguvu zaidi.