Bakuli Lililomvunjikia Chayo

Kwa miezi minne mwalimu Domitila alikuwa akimfundisha Kihispania Bi Lorna, mjane kutoka Ohio, na kwa miezi minne ulimi wa mama huyo ulikuwa mzito vilevile. Alhamisi ile Bi Lorna hakufungua daftari. Mezani palikuwa na vipande vya bakuli la supu la buluu.

"Leo nataka sentensi moja tu. Nimwambie Chayo: umelivunja, nenda zako."

Chayo, mpishi aliyemtumikia kwa miaka tisa, alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ndani ya aproni. Mpishi aliyefukuzwa kwa kuvunja vyombo hapati kazi nyumba nyingine katika mji mzima wa San Miguel. Domitila alilijua hilo, na damu ikamchemka.

"Andika," alisema. "Se le rompió. Limemvunjikia."

"Kumbe bakuli lina miguu? Limejirusha lenyewe? Kwetu tunasema nani kavunja!"

"Kwenu ni kwenu. Hapa kitu kikimponyoka mtu kwa bahati mbaya, hatumtwishi kitenzi."

"Mwalimu, usinichezee. Nifundishe ninachotaka, au uondoke naye."

Domitila akainuka. Kabatini lilibaki bakuli la pili na la mwisho, pacha wa lile. Akalishika kwa mikono miwili juu ya sakafu ya mawe, akamkazia macho Bi Lorna, akaliachia. Paka akatimua mbio.

"Hili sasa, señora, nimelivunja. Lo rompí. Kwa kusudi, na sijutii hata chembe. Umeona tofauti?"

Bi Lorna aliiva uso. "¡Salga! Toka!"

Pamoja na hasira zake zote, Domitila alikaribia kucheka: kitenzi hicho kilikuwa kimemshinda mwanafunzi wake tangu Februari. Akakusanya vitabu. Kazi imekwenda, na iende.

Alikuwa akivaa shali yake penye mlango wa nje aliposikia sauti ya Bi Lorna, ya chini, ya kusitasita.

"Chayo. Lile la kwanza... se le rompió?"

"Ndiyo, señora. Lile lilinivunjikia," Chayo alijibu bila kutetemeka. "Hili ndilo lililovunjwa."

Chayo akaanza kufagia vipande, ufagio ukikwaruza mawe.

"Haya," alisema Bi Lorna. "Basi kesho supu utatupakulia kwenye vikombe."